Safu, Kishale na Skrini: Utata wa Istilahi katika Mafunzo ya Lugha ya C

Mwalimu anayewafundisha wanaoanza kuandika programu kwa lugha ya C aghalabu huwatanguliza kwenye skrini ya maandishi, yaani skrini isiyo na picha, yenye mistari 24 au 25 na nafasi 80 katika kila mstari. Mwanzo huo unafaa, kwa kuwa mwanafunzi huyaona matokeo ya kazi yake papo hapo. Lakini mara nyingi kitabu ni cha Kiingereza na maelezo ya mwalimu ni ya Kiswahili, na istilahi huzaliwa darasani kabla ya kupimwa. Tumechagua tatu kati ya istilahi hizo ili tuzichambue.

Hoja yetu ni moja. Si kila utata wa neno unadhuru. Unaodhuru ni utata wa jirani, ambapo maana zote mbili za neno zinaweza kukubalika mahali pale pale.

(a) Safu. Katika Kiswahili waumini wakisimama bega kwa bega msikitini wamefanya safu, nayo imelala. Msomaji wa gazeti naye husoma safu, nayo imesimama. Nje ya kompyuta hakuna anayepotea, maana msikiti si gazeti. Kwenye skrini ya maandishi maana zote mbili zipo kwa pamoja. Tuchukue agizo kama hili: 'Andika jina kwenye safu ya 5.' Je, ni ya tano kutoka juu, au ya tano kutoka kushoto?

Lugha ya C yenyewe haimwokoi mwanafunzi. Katika maktaba iitwayo curses, iliyoanza katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, karibu na mwaka 1980, agizo 'move' hutaka mstari kwanza, na kuhesabu huanzia 0. Katika Turbo C, iliyotolewa na kampuni ya Borland mwaka 1987, agizo 'gotoxy' hutaka nafasi ya kutoka kushoto kwanza, na kuhesabu huanzia 1. Kwa hiyo mahali pamoja, mstari wa 5 na nafasi ya 60, huandikwa move(4, 59) katika maktaba ya kwanza na gotoxy(60, 5) katika ya pili.

Mwanafunzi aliyechanganya safu mbili ataandika move(59, 4). Kompaila haitalalamika, kwani tarakimu zote mbili ni halali. Programu itakapoendeshwa, mstari wa 60 haupo katika skrini ya mistari 25. Agizo litashindwa kimya kimya, na maandishi yatakayofuata yatatokea pasipotakiwa. Mwanafunzi atayatafuta makosa katika programu nzima, ilhali kosa limo katika neno alilofundishwa.

Watafsiri wa programu za ofisini wamezoea 'safu mlalo' na 'safu wima'. Istilahi hizo ni sahihi, lakini zina kichwa kimoja, na ulimi hupenda kufupisha. Baada ya wiki moja darasa zima litakuwa linasema 'safu' tu. Twaona bora 'mstari' kwa ile iliyolala na 'safuwima' kwa ile iliyosimama, na 'safu' peke yake isitumike kamwe.

(b) Kishale. Neno hili limeenea kwa maana ya alama inayoonyesha mahali ambapo herufi ijayo itaandikwa. Katika skrini yenye kipanya laweza kutetewa, kwa kuwa pale kuna mshale mdogo unaoonekana. Katika skrini ya maandishi alama hiyo kwa kawaida ni kistari au kibonge kinachopepesa. Zaidi ya hayo, kwenye kibodi vipo vitufe vinne vyenye vishale. Mwanafunzi akiambiwa 'sogeza kishale', atautafuta mshale asiuone, au atadhani ameambiwa abonyeze kitufe.

Wengine wangependelea 'kielekezi'. Hatukubaliani nao, kwa sababu C ina kitu kingine kinachostahili jina hilo: kigeu kinachohifadhi anwani ya mahali katika kumbukumbu, nacho ndicho kiini cha lugha hiyo. Linabaki neno la kutoholewa, 'kasa'. Itasemwa kwamba kasa ni mnyama wa baharini. Ni kweli, lakini hakuna mwanafunzi, hata wa Mafia au Lamu, atakayemtafuta kasa wa kuliwa ndani ya kompyuta. Huu ni utata wa mbali, haudhuru.

(c) Skrini. Katika curses, agizo la kuandika halifiki machoni moja kwa moja. Maandishi huwekwa kwanza katika nakala ya skrini iliyomo kwenye kumbukumbu, na huonekana baada ya agizo 'refresh'. Mafunzo yanayoziita zote mbili 'skrini' humwacha anayeanza akishangaa: ameandika kwenye skrini, na skrini ni tupu. Twapendekeza 'skrini' kwa inayoonekana na 'nakala ya skrini' kwa iliyo katika kumbukumbu. Agizo lenyewe lifasiriwe kwa kazi yake, 'kuonyesha mabadiliko'. 'Kuburudisha' tuwaachie wanamuziki.

Huenda ikadhaniwa kuwa haya ni mambo madogo. Anayefundisha anajua kwamba mwanafunzi aliyepotezwa na istilahi halaumu istilahi. Hujilaumu mwenyewe kuwa hana akili ya hesabu, au hukilaumu Kiswahili kuwa hakiwezi kubeba sayansi. Hukumu zote mbili ni za uonevu, na zote mbili zaweza kuzuiwa na mtafsiri anayejiuliza swali moja kabla ya kuliidhinisha neno: mahali hapa hapa litakapotumiwa, je, pana kitu kingine chenye haki ya kuitwa hivyo?

Walimu waliokwisha kuyatumia maneno haya darasani tunawaomba watuletee maoni yao, hasa pale mapendekezo yetu yaliposhindwa.