Kiraka kwenye koti la kirusi cha muhogo

Mwishoni mwa miaka ya 1980, mihogo ya Uganda iliingiwa na batobato ambalo wakulima hawakulizoea. Ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni: ulielezwa kwa maandishi mwaka 1894, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Lakini hili lilikuwa batobato kali. Jani lilijikunja, likajaa mabaka ya njano iliyopauka, likabaki dogo hata kwa kisamvu halifai. Ukichimba, mizizi ni myembamba kama kidole. Na kila mwaka lilisogea kilometa 20 hadi 30, likiacha njaa nyuma yake.

Ni kirusi gani? Eneo hili lilikuwa na virusi viwili vya batobato vinavyojulikana, ACMV na EACMV. Kipimo cha kawaida kilitumia kingamwili: jani linapondwa, maji yake yanatiwa kwenye vishimo vya sahani ya plastiki, na kingamwili zikikitambua kirusi, kishimo kinageuka rangi. Majibu ya mihogo ya Uganda yakatoka: ni ACMV, yule yule wa siku zote.

Hapo wengi wangefunga daftari. Ila kingamwili hushika koti la protini ambalo kirusi kimevaa, basi. Kilicho ndani ya koti hazikioni.

Watafiti wa Uganda na Uskoti, miongoni mwao Xueping Zhou, Otim-Nape na Bryan Harrison, wakaamua kusoma DNA yenyewe. Virusi hivi hubeba duara mbili za DNA, A na B, kila moja ikiwa na herufi zipatazo 2,800. Waliposoma duara A, karibu yote ilifanana na EACMV. Kipimo kilisema hiki, DNA inasema kile.

Wakairudia jeni ya koti, safari hii herufi kwa herufi, wakiilinganisha na virusi vyote viwili. Herufi 219 za mwanzo zililingana na EACMV kwa asilimia 99. Kuanzia hapo mambo yakageuka ghafla: herufi 459 zilizofuata zililingana na ACMV, nazo kwa asilimia 99. Kisha 93 za mwisho zikarudi kwa EACMV. Kilikuwa kiraka cha ACMV kilichoshonwa katikati ya koti la EACMV, na kingamwili zilikuwa zimegusa kiraka tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997.

Kwangu, nguvu ya kazi hii iko kwenye zile sehemu mbili ambapo ufanano unahama. Kama kirusi kingekuwa kimebadilika polepole, tofauti zingetapakaa jeni nzima. Mpaka mkali namna ile, huku 99 na ng'ambo yake 99, unaonyesha kipande kizima kimehama kutoka kirusi kimoja kwenda kingine.

Kilihamaje? Kirusi hiki hakina kimeng'enya chake cha kunakili DNA, huazima cha seli ya muhogo. Virusi viwili vikikutana katika seli moja, unakili unaweza kuanzia kwa huyu, ukaendelea kwa yule, ukamalizikia kwa wa kwanza. Sharti lake ni moja tu: mmea mmoja uwe na virusi vyote viwili. Na kufika hapo si vigumu. Pingili iliyokatwa kwenye shina gonjwa hupandwa na kirusi chake ndani, halafu inzi mweupe, mdudu mdogo anayefyonza chini ya jani, huleta cha pili. Mihogo iliyobeba kirusi hiki kipya pamoja na ACMV ndiyo iliyoonekana kudhoofu kuliko yote.

Inzi huwezi kumzuia asiruke. Pingili unaichagua mwenyewe. Basi ichague shina likiwa bado limesimama na majani yake, kwa sababu ukishalikata na kulipukutisha, mgonjwa na mzima hufanana.