"Betri ya Maji": Tafsiri Isiyofaa

Miongoni mwa vitu vipya vinavyowadai wafasiri majina ni betri za zinki ambazo ndani yake mna chumvi, au pengine alkali, iliyoyeyushwa katika maji. Tafsiri iliyo karibu na mkono ni "betri ya maji". Ni fupi na yatamkika kwa urahisi. Hata hivyo, istilahi haipimwi kwa ufupi wake tu, bali pia kwa maana ambazo watumiaji wa lugha wamekwisha kuipa. Kwa kipimo hicho, tafsiri hii haifai.

Tutazame Ziwa Victoria, pande za Kamanga na Mwanza. Wavuvi wa dagaa, ambao huvua katika usiku usio na mbalamwezi, walitegemea karabai za mafuta ya taa kwa miaka mingi. Siku hizi taa za betri zimeenea. Fundi akitaja "betri ya maji" hukusudia betri ya risasi, kama zile za magari, na "maji ya betri" ni asidi ya salfa iliyozimuliwa, ambayo huunguza ngozi na yaweza kupofusha macho. Jina hilo, basi, lina mwenyewe. Mvuvi aliyeelezwa kuwa "betri ya maji" ina maji ya chumvi tu aweza kutia mkono katika asidi.

Kosa la pili ni kuiita zinki "bati". Bati ni metali nyingine kabisa. Na mabati ya kuezekea, licha ya jina lake, kwa kawaida ni chuma kilichopakwa zinki.

La tatu ni kufasiri volteji kuwa "nguvu ya umeme". Nguvu hiyo hupimwa kwa wati, na volteji kwa volti. Tunalo neno "msongo", lililokwisha kuzoeleka katika habari za njia kuu za umeme. Tofauti hii ndiyo kiini cha mada yenyewe. Kinadharia, maji huweza kuchanganuliwa kuwa haidrojeni na oksijeni kuanzia volti 1.23, kwa hiyo betri hizi kwa kawaida huwa na msongo mdogo kuliko za lithiamu, ambazo nyingi hufikia volti 3.6 hivi. Watafiti hujaribu kuupita mpaka huo kwa kuzidisha chumvi hata maji huru yabaki machache, au kwa kutenga asidi na alkali kwa utando. Mwalimu hawezi kuyaeleza hayo kwa neno "nguvu" pasipo kuwapotosha wanafunzi.

Yafaa pia kulinda neno "zaidi". Maji hayawaki, ilhali viowevu vya betri nyingi za lithiamu huwaka. Kwa hiyo betri hizi huitwa "salama zaidi". Mfasiri akiandika "salama" peke yake, amewaahidi watu jambo ambalo mvumbuzi hakuahidi, kwani alkali kali huunguza na haidrojeni huweza kulipuka.

Twapendekeza "betri ya zinki yenye mmumunyo wa maji". Mtu aweza kusema kwamba asidi ya betri ya gari nayo ni mmumunyo wa maji. Ni kweli, na ndiyo sababu neno "zinki" lisiachwe kamwe, hasa katika maelekezo ya matumizi na matangazo ya serikali.