Pikapu ya Gibson Ndani ya Mwili wa Strat

Albamu ya kwanza ya bendi ya Van Halen ilipotoka mwaka 1978, wapiga gitaa wengi waliulizana ni pikapu gani iliyotoa sauti ile. Jina la pikapu lingewasaidia kidogo tu. Siri kubwa ilikuwa katika mpangilio wa maamuzi ya Eddie Van Halen, mpiga gitaa wa bendi hiyo: kila alichofunga kilikuwa jibu la tatizo alilokuwa nalo.

Tatizo la kwanza lilikuwa mvumo. Alipenda umbo la Stratocaster ya Fender na mkono wake wa kutikisia nyuzi, lakini pikapu zake za koili moja zina sauti nyembamba, na amplifaya ikifunguliwa sana hunasa mvumo wa umeme ulio jirani. Basi akanunua mwili na shingo vya bei nafuu vya umbo hilo, akachonga nafasi karibu na daraja, na humo akaweka hambaka aliyoitoa kwenye Gibson ES-335.

Hambaka, iliyobuniwa na Seth Lover katika kampuni ya Gibson mwaka 1955, ina koili mbili zinazofanya kazi kinyume, kila moja na ncha yake ya sumaku. Mvumo wa nje huingia kwenye koili zote mbili, na kwa kuwa zimeunganishwa kwa mwelekeo tofauti, unajifuta wenyewe. Mtetemo wa uzi hupinduliwa mara mbili, na sumaku kisha na koili, kwa hiyo mawimbi yake hujumlishwa. Ndiyo maana sauti huwa nene na yenye nguvu.

Tatizo la pili likazuka hapohapo. Kwenye sauti kubwa, waya wa koili uliolegea hutetemeka pamoja na spika na kuzaa mluzi usiozuilika. Eddie aliichovya pikapu katika nta ya moto ili mizunguko ya waya igandamane. Kazi hii inataka uangalifu, kwani nta ikipata joto kupita kiasi huyeyusha plastiki iliyobeba koili.

La tatu lilikuwa vipimo. Nyuzi za daraja la Fender zimeachana zaidi kuliko skrubu za pikapu ya Gibson, na uzi wa pembeni ukitoka nje ya skrubu yake unaweza kudhoofika. Aliilaza pikapu mshazari: koili moja ikasogea upande wa uzi mnene, nyingine upande wa uzi mwembamba. Leo watengenezaji huuza hambaka zenye nafasi pana kwa madaraja ya namna hiyo, kwa hiyo pima kwanza kabla ya kulipa.

Mwisho, aliachana na nobu za toni na kubakiza moja ya sauti. Kila nobu hupunguza kidogo mlio mkali wa juu. Kwa kawaida pikapu za koili moja huwekewa nobu za kiloomu 250, na hambaka za kiloomu 500. Ukiweka hambaka na kuacha nobu za zamani, sauti inaweza kufifia nawe ukailaumu pikapu bure.

Tahadhari pia na namba ya omu iliyoandikwa kwenye boksi. Pikapu ya Stratocaster huwa karibu kiloomu 6, hambaka ya zamani ya Gibson karibu 8, na Super Distortion ya DiMarzio, iliyoanza kuuzwa mwaka 1972, karibu 13. Omu hupima ukinzani wa waya tu. Waya mwembamba zaidi huongeza omu hata mizunguko ikibaki ileile, na namba hiyo haisemi lolote kuhusu nguvu ya sumaku. Tena, mizunguko mingi huongeza nguvu lakini hula ule mng'ao wa juu ambao mpiga solo wa rumba anautegemea ili kila noti isikike peke yake.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, andika kasoro unayotaka kuondoa: mvumo, mluzi, wembamba wa sauti au uzi mmoja kusikika hafifu. Kisha jaribu kusogeza pikapu uliyonayo juu au chini kwa skrubu zake, maana uzi mmoja hafifu mara nyingi hupona hapo bila gharama. Kasoro isiyoondoka kwa bisibisi ndiyo inayostahili pikapu mpya.