Sauti Iliyo Mlangoni pa Utu Uzima: Bobby Driscoll katika Filamu ya Peter Pan

Katika fasihi simulizi sauti haitenganishwi na mwenyewe. Mtambaji asemapo Paukwa na hadhira ikamjibu Pakawa, wanaomsikia humwona vilevile: humwona ageuzapo uso, apandishapo mabega, anyamazapo kidogo ili neno lijalo liwe na uzito. Akizeeka, sauti yake huzeeka pamoja naye, na hadithi aliyoitamba ujanani huwa nyingine kinywani mwake uzeeni. Filamu ya katuni imeuvunja ushirika huo. Sauti hunaswa kwanza, peke yake, mbele ya maikrofoni. Kisha wachoraji huisikiliza tena na tena, wakachora mdomo, nyusi na mabega ya kiumbe ambacho hakijapata kuishi. Mwenye sauti huenda zake. Iwapo mwenye sauti hiyo ni mvulana, basi baada ya mwaka mmoja au miwili sauti ile haimo tena kooni mwake. Imebaki katika filamu tu.

Makala haya yanakusudia kuchunguza mfano mmoja wa hali hiyo, nao ni kazi ya Bobby Driscoll, mtoto wa Kimarekani aliyempa sauti Peter Pan katika filamu ya Walt Disney iliyotolewa Februari 1953. Maisha yake yamesimuliwa mara nyingi, na aghalabu yamesimuliwa vibaya. Msimulizi hukimbilia mwisho, akausoma kifo cha mtu huyu kana kwamba kiliandikwa katika hadithi aliyoiigiza: aliyeigiza mtoto asiyekua, husemwa, alishindwa kukua. Maneno hayo yanavutia, lakini si uhakiki. Yanamfanya mwigizaji awe kivuli cha mhusika wake, wala hayasemi lolote juu ya kile kinachosikika katika filamu yenyewe. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba sauti ya Driscoll si sauti ya utoto wa milele hata kidogo. Ni sauti ya kijana aliye mlangoni pa utu uzima; na sifa hiyo, iliyoipa filamu uhai wake, ndiyo hiyo hiyo iliyomtoa katika studio.

Driscoll alizaliwa mwezi wa Machi 1937 katika mji wa Cedar Rapids, jimbo la Iowa. Wazazi wake walihamia Los Angeles mwaka 1943, na mwaka huo huo akapata nafasi ndogo katika filamu ya Lost Angel. Mwaka 1946 alionekana katika Song of the South, yeye pamoja na msichana Luana Patten, nao wakawa waigizaji wa kwanza kufungwa kwa mkataba na Disney, ambaye hadi wakati huo utajiri wake ulikuwa michoro. (Filamu hiyo ina aibu yake kubwa, maana huwaonyesha Waamerika Weusi wa Kusini kana kwamba walikuwa radhi na hali yao, lakini hilo lahitaji makala yake.) Zikafuata So Dear to My Heart na The Window, na kwa kazi yake katika hizo mbili akatunukiwa mwaka 1950 sanamu ndogo ya Oscar iliyokuwa ikitolewa kwa watoto. Mwaka huo pia alimwigiza Jim Hawkins katika Treasure Island, filamu ya kwanza ya Disney isiyokuwa na mchoro hata mmoja, iliyopigwa huko Uingereza.

Kati ya hizo, The Window ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini na yeyote atakaye kuielewa sauti ya Peter Pan. Driscoll hapo ni Tommy, mvulana wa New York aliyezoea kubuni visa. Usiku mmoja wa joto, akiwa amelala nje kwenye ngazi za kuepea moto, anawaona majirani wakimwua mtu. Anakwenda kusema na hapana anayemsadiki. Uzito wa filamu nzima umewekwa juu ya swali moja la uigizaji: mtoto aliyezoea uongo atasemaje kweli? Mwigizaji mwepesi angeitenganisha sauti ya uongo na sauti ya kweli ili mtazamaji asipotee. Driscoll hakufanya hivyo. Kweli anaisema kwa sauti ile ile aliyosemea uongo, ila pumzi zake sasa ni fupi zaidi. Kwa hiyo mtazamaji anaelewa kwa nini wazazi wake hawasadiki, na papo hapo anawaonea hasira kwa kutosadiki. Huo ni ufundi, na ulikuwa ufundi wa mtoto ambaye hakuwa ametimiza hata miaka kumi na mitatu.

Yafaa sasa ikumbukwe kwamba Peter Pan alipoingia jukwaani mara ya kwanza mjini London, tarehe 27 Desemba 1904, aliigizwa na mwanamke, Nina Boucicault. Desturi hiyo ikashika. Maude Adams akamwigiza Marekani mwaka uliofuata, na filamu bubu ya mwaka 1924 ikampa nafasi hiyo msichana Betty Bronson. Desturi hiyo ilikuwa na maana yake. J. M. Barrie, katika riwaya aliyoitoa mwaka 1911, anamwonyesha Peter akiwa bado na meno yake yote ya utotoni, yaani mtoto mdogo hasa. Na mwanamke mwenye sauti nyembamba aweza kukaa na mhusika huyo usiku baada ya usiku, miaka na miaka, bila sauti kumgeuka. Disney aliiacha desturi hiyo, akamtwaa mvulana. Tena hakumtwaa mvulana wa miaka saba, bali huyu aliyekuwa katika umri wa kubaleghe, ambaye filamu ilipotolewa alikuwa amebakiza mwezi mmoja tu kutimiza miaka 16.

Matokeo yake yanasikika tangu Peter anapoingia chumbani mwa watoto kukitafuta kivuli chake. Sauti ni nzito kidogo kuliko mtazamaji anavyotarajia, na ina mkwaruzo. Wendy, aliyesemewa na msichana wa Kiingereza Kathryn Beaumont, ana matamshi ya London, safi, ya adabu, kila neno likitimia. Driscoll hakujaribu kuyafuata matamshi hayo. Alisema Kimarekani chake, akimeza baadhi ya maneno na kurusha mengine. Kama vile mtu wa Mombasa amtambuavyo mgeni kwa neno la kwanza tu, ndivyo hadhira inavyotambua kwamba huyu si wa nyumba hii. Ugeni wa Peter, ambao Barrie aliueleza kwa kurasa kadhaa, umeelezwa hapa kwa matamshi tu.

Kisha lipo suala la majivuno. Peter ni mjivuni. Huwika kama jogoo kila ajionapo ameshinda. Mwigizaji wa kike jukwaani aliwika kwa mchezo, na hadhira ikacheka pamoja naye. Kwa Driscoll majivuno hayo yana ukali ndani yake, kwa kuwa ni majivuno ya kijana anayeelekea kuwa na nguvu za kweli. Anapomfukuza Tinker Bell kwa kosa la kutaka Wendy auawe, sauti inashuka chini badala ya kupanda juu. Mtoto akikasirika hupiga kelele, na huyu hapigi. Na baada ya bomu la Hook kulipuka, Peter anapomtafuta Tinker Bell katika vifusi na kumwambia jinsi alivyo na thamani kwake kuliko vitu vyote, sauti inakaribia kukatika. Wachoraji, wakiongozwa kwa mhusika huyu na Milt Kahl, walichora uso wa mtoto mwenye huzuni. Sauti inasema zaidi ya uso huo. Inasema huzuni ya mtu aliyekwisha kujua kwamba kitu kikipotea hakirudi, na hilo ni jambo ambalo Peter Pan wa Barrie hakulijua kabisa, maana alikuwa msahaulifu.

Hapo ndipo maana ya filamu inapopinda, kwa faida yake. Kisa chaanza siku ambayo baba ameamua kwamba Wendy asilale tena chumbani mwa watoto. Hofu ya kukua imetanda nyumba nzima, naye anayekuja kuipinga hofu hiyo asema kwa koo ambalo lenyewe limekwisha anza kukua. Labda waongozaji hawakulikusudia hilo. Lakini kazi ya sanaa haipimwi kwa makusudio peke yake. Kama Driscoll angekuwa na sauti nyembamba ya malaika, Peter angekuwa jibu rahisi kwa hofu ya Wendy, na uamuzi wa Wendy wa kurudi nyumbani ungekuwa utii tu. Kwa sauti hii, Wendy anaondoka kwa sababu amesikia kitu ambacho mwenye sauti mwenyewe hataki kukisikia.

Si kwamba filamu haina kasoro. Sehemu ya kambi ya Wahindi Wekundu ni dhihaka tupu juu ya watu halisi, na mwaka 2020 kampuni yenyewe ilianza kuitanguliza filamu hii kwa onyo juu ya jambo hilo. Driscoll pia ana mahali anapolemewa: katika mapigano ya mwisho merikebuni, Hans Conried, aliyemsemea Hook, anajaza nafasi yote kwa madaha ya jukwaani, na sauti ya kijana inabaki kujibu tu.

Driscoll hakutoa sauti peke yake. Alipigwa picha akiigiza ili wachoraji wauone uso wake katika sehemu za karibu, ilhali mchezaji dansi Roland Dupree alitumika kwa mienendo ya kuruka. Kwa hiyo hata uso wa Peter una deni kwake. Wiki chache baada ya filamu kutolewa, studio ilivunja mkataba wake. Sababu inayotajwa ni chunusi nyingi zilizomtoka usoni. Wapo wanaosema asante ya punda ni mateke, na yamkini wana haki. Lakini jambo la kutazamwa zaidi ni hesabu iliyokuwa ndani ya uamuzi huo. Studio ilikuwa imenunua utoto, na bidhaa hiyo ilikuwa imekwisha. Sheria ya California ya mwaka 1939, iliyoletwa na kesi ya Jackie Coogan dhidi ya mamaye, ilishughulika na fedha za mtoto mwigizaji. Haikushughulika na ufundi wake, wala hapakuwa na mtu aliyekuwa na wajibu wa kuuliza kijana aliyeigiza The Window angeweza kuwa mwigizaji wa namna gani akifika miaka ishirini.

Jibu halikupatikana. Alifanya kazi kadha wa kadha katika televisheni, akaonekana katika The Scarlet Coat mwaka 1955 na The Party Crashers mwaka 1958, basi. Shuleni wenzake walimdhihaki kwa yale yale yaliyompa sifa. Madawa ya kulevya yalimwingia mapema, na mahakama na kifungo vikafuata. Baadaye alihamia New York, ambako alijihusisha na wasanii wa kundi la Andy Warhol. Alikuwa pia akitengeneza picha za kubandika vipande vya karatasi, kazi aliyotiwa moyo kuifanya na msanii Wallace Berman. Mwezi wa Machi 1968 maiti yake ilikutwa na watoto wawili katika jengo lililohamwa huko Manhattan. Hakuwa na kitambulisho, naye akazikwa katika kisiwa cha Hart, makaburi ya wasio na wenyewe. Alama za vidole ndizo zilizomtambulisha mwaka 1969, baada ya mamaye kumtafuta. Mwaka huo huo Peter Pan ilirudishwa katika majumba ya sinema. Msomaji atakayekumbuka kwamba The Window nayo humalizikia katika jengo bovu la New York atashawishika kuona mkono wa majaliwa. Asishawishike. New York ilijaa majengo ya namna hiyo, na maskini waliofia humo walikuwa wengi.

Kathryn Beaumont, aliyekuwa mbele ya maikrofoni zile zile, alikwenda njia nyingine. Alifundisha shule ya msingi huko Los Angeles kwa miaka 36, na bado aliitwa kuwasemea Alice na Wendy hadi mwaka 2005. Donnie Dunagan, sauti ya Bambi mdogo katika filamu ya 1942, aliingia jeshi la wanamaji la Marekani akastaafu mwaka 1977 akiwa meja, na miaka yote hiyo aliwaficha askari wake habari za Bambi. Mifano hii hutumiwa kuonyesha kwamba Driscoll alijiharibu mwenyewe. Lakini koo la Beaumont lilimruhusu kumrudia Wendy akiwa mtu mzima, na Dunagan alikuwa mdogo mno kudhani kwamba alikuwa na fani ya kupoteza. Driscoll peke yake ndiye aliyekuwa mwigizaji kamili siku alipoambiwa kwamba hahitajiki.

Studio zilijifunza kwa namna yake. Katika The Lion King ya mwaka 1994, ambayo msomaji wa Kiswahili huijua kwa majina ya wanyama wake, Simba mdogo amegawanywa kwa watoto wawili: Jonathan Taylor Thomas anasema, Jason Weaver anaimba. Na Disney ilipomrudia Peter mwaka 2002 katika Return to Never Land, sauti alipewa mtu mzima, Blayne Weaver. Ni kazi safi. Sauti ni changamfu, nyepesi, haina mkwaruzo popote, wala hakuna hatari ya kwamba kesho itakuwa nyingine. Msichana Jane anapokataa kumwamini Peter katika filamu hiyo, mtazamaji haoni ni kipi hasa anachokiogopa.