Watoto 6,706 na faili lililofunguka

Februari 2022 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti kutoka bonde la Kilombero, Tanzania, na wengi waliusoma kama habari ya vyandarua. Watoto 6,706 waliozaliwa kati ya Januari 1998 na Agosti 2000 walifuatiliwa majumbani kwao hadi mwaka 2003, na katika kila ziara iliandikwa kama mtoto analala ndani ya chandarua chenye dawa. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa Basel, Uswisi, walirudi kuwatafuta, wakafanikiwa kuthibitisha hali za 5,983 kati yao, yaani asilimia 89. Wale ambao katika nusu ya ziara au zaidi walikutwa wakitumia chandarua walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 43 kuliko ya wengine. Kwa mkutubi na mtunza nyaraka habari nzito imo katikati ya tarakimu hizo: kumbukumbu za kompyuta za tangu mwaka 1998 zilifunguka miaka ishirini baadaye, zikasomeka, na zikamwelekeza mtafiti kwenye kaya sahihi. Ofisi zinazoweza kusema hivyo kuhusu mafaili yao ya 1998 ni chache mno. Naona kilichookoa kumbukumbu hizo hakikuwa ubora wa mashine. Zilipona kwa sababu zilikuwa zinatumika mfululizo na kila tarakimu ilikuwa na maelezo yake, na hapo ndipo maktaba zetu zinapokosea zinapodhani kuhifadhi ni kununua skana na diski.

Mfumo wa usajili wa kaya uliozaa kumbukumbu hizo ulianza Septemba 1996 kwa sensa ya vijiji 25, vikiwa upande wa Kilombero na upande wa Ulanga. Baada ya hapo kila kaya ilitembelewa kila baada ya miezi minne: nani kazaliwa, nani kafa, nani kahamia, nani kahama. Wadadisi waliandika kwenye daftari la kaya, na madaftari ya upande wa Ulanga, kama ya Lupiro, yalivushwa mto kwa pantoni pale Kivukoni, kwani daraja halikuzinduliwa rasmi hadi 2018. Ifakara makarani waliingiza taarifa kwenye programu ya usajili wa kaya iliyobuniwa kwa ajili ya kituo cha utafiti cha Navrongo, Ghana, ikiendeshwa kwa FoxPro. Karatasi na kompyuta zikawa zinasahihishana: programu ilikataa mama mdogo kuliko mwanawe, ikakataa marehemu anayehama, na kosa likarudishwa kijijini kuulizwa upya. Katika utaratibu huu faili halikuweza kuoza kimyakimya, kwa kuwa lilihojiwa mara tatu kwa mwaka na watu waliozijua kaya zilizomo.

FoxPro nayo ikafa. Microsoft ilitoa toleo la mwisho mwaka 2004 na kuacha kabisa kulihudumia Januari 2015. Mafaili yake ya jedwali, yenye kiambishi cha .dbf, bado yanasomwa na programu nyingi, na urahisi huo ndio mtego. Maelezo marefu hayakai ndani ya jedwali. Yanakaa kwenye faili la pembeni lenye kiambishi cha .fpt. Anayenakili .dbf peke yake kwenye flashi ataona jedwali zuri lenye safu zote, na nafasi ya maelezo ikiwa tupu, wala asijue kilichopotea. Ifakara iliondoka kwenye mfumo huo mwanzoni mwa miaka ya 2010, ikahamia programu ya OpenHDS na kukusanya taarifa kwa vishikwambi, wakati wataalamu wa mfumo wa zamani wangali kazini na takwimu zingali zinafanya kazi. Kuhama mapema hivyo, kabla ya lazima, ndiyo sehemu ya ufundi ninayoisifu zaidi. Taasisi nyingi husubiri mashine ife ndipo zimtafute fundi.

Hata hivyo, kufunguka kwa faili ni nusu tu ya kazi. Chukua mwanamke aliyezaliwa kwenye kaya moja, akahama bonde, akarudi, kisha akafariki. Katika mtindo wa mtandao wa INDEPTH, uliounganisha vituo kama hivi vya Afrika na Asia, maisha yake ni mistari michache yenye namba ya utambulisho, tarehe na herufi tatu: BTH kwa kuzaliwa, OMG kwa kuhama, IMG kwa kuhamia, DTH kwa kifo. Bila kitabu cha maelezo, OMG ni mzaha wa simu za vijana. Na maelezo hayaishii kwenye kufasiri herufi. Katika Kilombero familia nyingi huhamia mashamba ya mpunga ya mbali kwa miezi kadhaa, zikiishi vibandani hadi mavuno. Je, hiyo ni kuhama? Ukisema ndiyo, takwimu zitaonyesha vijiji vinavyotoroka kila masika. Ukisema hapana, mtoto anayefariki shambani anahesabiwa mkazi wa kijijini. Uamuzi wowote unafaa alimradi umeandikwa, pamoja na mwaka ulipobadilishwa. Kanuni za kimataifa za hifadhi za kidijitali, zilizopewa namba ISO 14721, zinadai jambo hilohilo: pamoja na faili, hifadhi kila anachohitaji msomaji wa kesho ili aelewe. Mwaka 2013 INDEPTH ilifungua hazina ya takwimu kwa msingi huo, kila seti ikiambatana na maelezo yake.

Hapa linakuja pingamizi zito. Kama hazina ya kimataifa ipo, kwa nini Ifakara ibebe mzigo wa seva zake? Kwa sababu nakala ya hazina haina majina, na ni haki isiwe nayo. Ufuatiliaji wa 2019 usingewezekana kwa nakala hiyo hata kidogo. Mtoto angekuwa namba isiyo na mlango wa kubisha. Kumbukumbu hii inahitaji nakala mbili zenye tabia tofauti, moja ya wazi isiyomtaja mtu, na nyingine iliyofungwa, yenye majina, inayokaa chini ya taasisi inayoweza kuulizwa na wanakijiji wenyewe. Wapo watakaosema kuweka majina kwa miongo ni hatari, na tangu Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilipoanza kutumika, hoja yao ina meno. Nakubali hatari ipo. Lakini kufuta majina ni uamuzi usiorudishika, na kama ungefanyika mwaka 2003 kwa nia njema kabisa, jibu kuhusu vyandarua lisingepatikana. Dawa yake ni kufunga mlango vizuri na kuandika ni nani aliye na ufunguo.

Pingamizi jingine ni la fedha: Ifakara ina historia ya wafadhili tangu Rudolf Geigy wa Basel aanzishe maabara pale katika miaka ya 1950, na maktaba ya mkoa haina. Ni kweli kuhusu seva, umeme na mishahara. Si kweli kuhusu kitabu cha maelezo, ambacho kinahitaji karani anayejua kazi, daftari na siku kadhaa za utulivu. Wala si kweli kuhusu kunakili faili zima pamoja na wenzake wa pembeni.

Udhaifu halisi wa hoja yangu uko kwingine. Matumizi huokoa kinachotumika tu. Takwimu zina watu wa kuziuliza. Sauti na picha mara nyingi hazina. Kanda ya mahojiano, mkanda wa video wa mafunzo, picha za zamani za zahanati havirudishwi kijijini kusahihishwa, na mkanda wa sumaku haungojei. Hufifia ukiwa kabatini, na mashine ya kuuchezesha huwa imetupwa kabla yake. Karatasi ina uvumilivu zaidi, hata kukiwa na mchwa. Kwa makusanyo hayo matumizi hayatakuja yenyewe. Inabidi yapangwe kama ratiba. Kila mwaka fungua sampuli, icheze mwanzo hadi mwisho, linganisha na orodha, na uandike nani anaonekana na nani anasema nini wakati wanaowatambua wangali hai. Kazi hiyo haina mfadhili wala picha ya uzinduzi, ndiyo maana haifanyiki.

Kwa hiyo ombi kwa wakuu wa maktaba na masjala wanaoandaa bajeti: kabla ya kusaini ununuzi wa skana nyingine, chagueni faili moja la miaka kumi iliyopita, mpeni mtu ambaye hakulitengeneza, na mwambieni aeleze maana ya kila safuwima. Akishindwa, pesa za skana ziende kwanza kwa karani aliyelitengeneza, kabla hajastaafu.