Makaa, Kifutio na Sheria ya Rangi

Mwaka 1950 Bunge la Afrika Kusini lilipitisha Sheria ya Usajili wa Watu, na kila mkazi akatakiwa kuandikwa Mzungu, Mwafrika au Chotara. Wahindi walitengewa fungu lao baadaye. Mzungu, kwa mujibu wa sheria hiyo, ni yule ambaye sura yake inaonyesha dhahiri, au ambaye watu kwa kawaida humkubali kuwa Mzungu. Jicho la karani na kauli ya majirani zikawa ushahidi. Maofisa wakafikia hata kumchomeka mtu penseli kwenye nywele: ikidondoka, Mzungu, ikinasa, si Mzungu. Mwaka 1966 binti mmoja wa wazazi Wazungu aliandikwa Chotara, na mwaka uliofuata, sheria iliporekebishwa ili nasaba itangulie sura, akarudishwa kuwa Mzungu. Ngozi ilikuwa ileile.

Jambo la namna hii linahitaji sanaa inayoonyesha mstari ukichorwa, ukifutwa na kuchorwa tena, na hapo ndipo ninapomsifu William Kentridge wa Johannesburg. Tangu 1989 hutengeneza filamu kwa kuchora na makaa, kupiga picha moja au mbili, kisha kurudi kwenye karatasi ileile kufuta na kurekebisha. Makaa hayafutiki yakaisha, kwa hiyo kila umbo huburuta kivuli cha lililotangulia. Katika *Felix in Exile* (1994), mhusika aitwaye Nandi ni mpima ardhi; miili ya waliouawa hufunikwa magazeti, kisha nchi huimeza. Mchoro uliokamilika huficha mkono uliouchora, kama kitambulisho kinavyomficha karani wake. Filamu hizi haziuachi mkono huo ujifiche.

Mwanasheria atauliza: kifungu gani kimetajwa humo? Hakuna, na asiyesoma sheria yenyewe hataijua kwa kutazama makaa. Lakini kifungu husomeka kana kwamba kundi lilikuwepo kabla ya sheria, na dai hilo ndilo ufundi huu unalolivunja. Hoja nzito zaidi ni kwamba uzuri hulainisha ukatili. Hatari hiyo ipo, ila doa linalobaki baada ya kufuta halimruhusu mtazamaji kustarehe.

Sheria ile ilifutwa mwaka 1991. Sensa ya 2022 bado iliwauliza Waafrika Kusini ni wa kundi gani, na majina ya makundi yalikuwa karibu yaleyale.