Fomu Isiyojua Utani

Nimesoma vitabu vibovu vingi, lakini hakuna maandishi yaliyoninyima usingizi kama DS-160, fomu ya viza ya Marekani. Mimi niliacha chuo, na siku hizi nikikosa makala ya kuandika, najazia watu fomu kwa saiba. Hii ilikuwa ya binamu yangu, amepata nafasi ya kusoma huko.

Tangu 2019 fomu hii inataka kila jina ulilotumia mitandaoni kwa miaka mitano. Sehemu hiyo ilipoanza, orodha yake ilikuwa na Vine na Google+, mitandao iliyokuwa imeshazikwa. Hapo unacheka. Lakini Juni 2025 wanafunzi wakaambiwa wafungue akaunti zao, kila mtu azione.

Binamu akaanza kufuta. Juni 2024 alikuwa barabarani na wenzake wakipinga Mswada wa Fedha, na siku zile zote ziko kwa akaunti yake. "Kaka, si nifute tu?"

Shida yangu na fomu hii ni ya msomaji zaidi ya mwandishi. Inaomba maneno yetu bila kuomba tulikuwa tunaongea na nani. Chini ya picha ya tamasha la drama binamu aliandika "Tumeua." Rafiki akajibu, "Nimekufa." Sisi tunasikia kicheko. Afisa aliyeketi na mashine ya kutafsiri anasikia nini?

Na huyo rafiki hakuomba viza. Akaunti ikifunguliwa, majibu yake yanafunguka pia, bila yeye kuulizwa. Mwaka 2019 mwanafunzi wa Kipalestina aliyekuwa anaingia Harvard alirudishwa kutoka Boston. Alisema aliulizwa kuhusu machapisho ya marafiki zake, wala si yake. Baadaye aliruhusiwa, lakini manze, hebu fikiria hiyo safari.

Majina tuliyaandika yote, kwa sababu mwisho wa fomu unatia sahihi kwamba umesema kweli. Programu atazitoa kwa simu kabla ya kupanda ndege: kanuni zao zinamtaka afisa wa mpakani aikate simu mtandao kwanza, asome kilichomo ndani tu. Kisha akawaandikia marafiki, mmoja mmoja, kuwaambia akaunti inafunguliwa. Wawili walimwomba afute majina yao. Mmoja hajamjibu hadi leo.

"Tumeua" ameiacha. Mahojiano ni Alhamisi.